Albamu mpya za roki, metali na za kienyeji: nilizobaki nazo na nilizozifuta kwenye simu

Kwanza mjue naskizia wapi manake hiyo inabadilisha maoni yote. Mimi niko Lamu, sina sistimu kubwa, niko na hedifoni za waya ambazo upande wa kushoto lazima uukunje waya ndo utoe sauti, na spika moja ndogo ya kuchaji ambayo besi yake ni ya kusingiziwa tu. Kwa hivo albamu ikiwa lazima ipate spika za bei mbaya ndo ipendeze basi kwangu imeanguka kabla haijaanza. Na ziko nyingi za hivo siku hizi, zimeng'arishwa studio mpaka hakuna mtu aliebaki ndani, ukiziweka kwenye spika mbovu husikii chochote ila fujo. Hizi hapa ni za kuanzia mwaka 2024 mpaka 2025, sikuzipanga kwa uzuri wala kwa tarehe, naandika vile zanijia.

Ntaanza na Mdou Moctar. Huyu ni Mtuareg wa Niger, apiga gita kwa mkono wa kushoto, na gita lake la kwanza alijiundia mwenyewe nyuzi akatoa kwenye waya za baiskeli. Mwaka 2024 mwezi wa tano alitoa Funeral for Justice, na hiyo gita la umeme halipumui kuanzia mwanzo mpaka mwisho, awakemea viongozi wa Afrika waziwazi, Ufaransa nayo ina nyimbo yake peke yake. Halafu mwezi wa pili 2025 ikatoka Tears of Injustice ambayo ni nyimbo zile zile ila magita makavu, hakuna umeme. Kisa ni kwamba Julai 2023 bendi ilikua Marekani kwenye ziara, jeshi likampindua rais Bazoum kule kwao, njia ya kurudi ikafungika, wakaingia studio New York wakazirikodi upya hali hawajui watarudi kwao lini. Kawaida mimi albamu ya "nyimbo zile zile ila pole pole" huipita bila kuitazama, mara nyingi ni kampuni yatafuta pesa mara ya pili kwa kazi moja. Hii sio. Ile ya umeme unasikia hasira, hii unamsikia mwenye hasira, ni vitu viwili tofauti, vidole vyakwaruza nyuzi mpaka wasikia kucha na sauti yake haijapambwa na chochote.

Niliiweka spika barazani jioni moja baada ya alasiri na jirani yetu Ami mmoja alikua amekaa hapo, mtu wa udi huyo, nyimbo za Zein l'Abdin, yule mpiga udi wa taarab, zote azijua mpaka pale mkono unapoteleza. Akanyamaza mpaka nyimbo ikaisha. "Huyu ni wa wapi mwanangu?" Namwambia wa Niger, Ami, jangwani huko. Akasema "Mkono anao. Ila mwambieni asikimbie, hakuna anaemfukuza." Nikafurahi nikamuwekea ile ya umeme, wallahi aliinuka akaenda zake msikitini na maghribi hata haijakaribia. Mimi nazichukua zote mbili, lakini kama simu yako imejaa na wataka moja chukua hii ya makavu.

Kutoka huko huko Niger, mji wa Agadez, kuna Etran de L'Aïr, 100% Sahara Guitar, Septemba 2024. Hawa ni bendi ya harusi, wameanza 1995, na ukiwa umekulia mji ambao harusi yaenda siku kadha na wapigaji hawaruhusiwi kuchoka utawaelewa mara moja. Magita matatu yapishana bila kugongana, hakuna anaetaka kuonekana kuliko mwenzake. Sina maneno mengi, ni ya kucheza, iwekeni.

Haya sasa Opeth. Hawa ni Wasweden, albamu yaitwa The Last Will and Testament, Novemba 22, 2024, na wapenzi wa metali walikua wanaisubiri kwa sababu moja kubwa, mwimbaji wao Mikael Åkerfeldt amerudisha ile sauti ya kunguruma ambayo kwenye albamu zao haikuwapo tangu 2008. Miaka yote hiyo aliimba kwa sauti laini na watu wakalalamika, mimi sikulalamika sana lakini ilivorudi nilicheka peke yangu usiku. Hadithi yenyewe sasa: ni baada ya vita vya kwanza vya dunia, tajiri mmoja amekufa, watoto wamekusanyika wasomewe wasia. Nyimbo saba za kwanza hata majina hazina, zina namba tu na ile alama ya vifungu kwenye hati za wakili. Ndani ya wasia mzee aanza kutoa siri, hawa sio wangu, huyu ndo apewe mali, yaani ndugu waangaliana na hakuna wa kumuuliza manake mwenyewe yuko kaburini.

Mtu wa Lamu hiyo hadithi humuingia bila kuelezwa. Nyumba za mawe hapa ziko ngapi zimefungwa kufuli na zaporomoka ghorofa ya juu kwa sababu warithi hawajaelewana? Ila nasema hivi, huyo mzee wa Opeth angekua wa huku mambo yake yasingefika mbali, kwetu wasia hauvuki thuluthi, angepelekwa kwa kadhi asubuhi, yangepigwa hesabu kila mtu akapewa fungu lake na albamu ingekwisha nyimbo ya pili. Bahati yao ni Wasweden.

Muziki wenyewe ni mzito lakini umekaa vizuri, ina violini nyingi, ina filimbi ya Ian Anderson yule wa bendi ya Jethro Tull na pia huyo mzee asoma baadhi ya maneno ya wasia kwa sauti ya mtu anaejua ataudhi watu. Kitu nilichokipenda zaidi ni vile kunguruma kumepewa kazi. Hangurumi tu kwa sababu ni metali, anguruma pale marehemu anapokua mkali, na pale watoto wanapojiuliza sauti yalainika. Nyimbo ya mwisho ndo pekee iliyopewa jina na ndo laini kuliko zote, na gita la mwishoni pale nimelirudia mara nyingi kuliko lilivostahili. Lawama yangu ni moja, katikati kwenye kifungu cha nne na cha tano wabadilisha mwendo kila baada ya sekunde chache mpaka unachoka, ukiwa na hedifoni kama zangu unahisi waya ndo umekatika. Tisa kwa kumi hata hivo.

Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, From Zero, Novemba 15, 2024. Najua hapa ntapata maadui. Chester Bennington, mwimbaji wao, alikufa Julai 2017 na kizazi chetu nyimbo zake tulizikopi saiba kwa flashi, tukaziimba na Kiingereza cha kubahatisha, kwa hivo kila mtu alikua amemkunjia uso Emily Armstrong, mwimbaji mpya, kabla hajafungua mdomo. Dada sauti anayo, akipiga ukelele hakuna ubishi. Shida sio yeye, shida ni kwamba nyimbo zote zimekatwa fupi fupi, albamu nzima ni kama nusu saa na dakika mbili hivi, na kila nyimbo yaelekea kwenye kiitikio haraka kama ina boti ya kuwahi. Zimeng'arishwa mno. The Emptiness Machine ni nzuri, Heavy Is the Crown ni nzuri pale anapovuta pumzi na kupiga ule ukelele mrefu, zilobaki sikumbuki. Sita.

Mkitaka kujua kinyume cha haraka basi ni The Cure, bendi ya Waingereza. Songs of a Lost World ilitoka Novemba mosi 2024, baada ya miaka 16 bila albamu, nyimbo nane tu. Nyimbo ya kwanza Alone zapita dakika tatu na zaidi bendi yapiga tu, mwimbaji Robert Smith hajasema neno. Ile ya mwisho Endsong yapita dakika kumi na sauti yake waisikia baada ya kama dakika sita. Nimeona vijana wengi wakilalamika ati albamu yachelewa kuanza, na mimi nikashangaa, nyinyi taarab hamkukulia nayo? Bashraf, ile ya ala tupu, ni nini basi? Watu wakae, udi na violini zizungumze, mtu amalize kahawa yake, mwimbaji yupo haendi popote. Hiyo subira ndo yafanya neno la kwanza likiingia liwe na uzito. Huyu mzee alizaliwa 1959 na sauti yake haijabadilika hata kidogo, sijui anakula nini.

Albamu yote ni ya msiba, tuseme ukweli. I Can Never Say Goodbye aimba juu ya kufa kwa ndugu yake Richard, na hapo piano ni vidoti vichache tu vyarudiwa na kurudiwa, haipandi, haina kilio cha kujionyesha. Nliiskiza hiyo stima imepotea mji mzima, na niliikatiza nusu nikaenda kukaa nje na wenzangu manake ilikua yanipeleka mahali sikutaka kwenda usiku huo. Hiyo naihesabu kama sifa. Besi ya Simon Gallup kwenye spika yangu ndogo haikutoka kabisa, kwenye hedifoni ndo nikagundua kumbe nusu ya nyimbo iko huko chini, kwa hivo hii msiiskize kwa spika. Na bado ikashika hata bila besi.

Blood Incantation, Absolute Elsewhere, Oktoba 2024. Vijana wa Denver, Marekani, ni deth metali, ile kali ya kunguruma, lakini walienda kurikodi Berlin studio za Hansa kule David Bowie alirikodi, na wamemualika mtu wa Tangerine Dream, bendi ya Wajerumani, awapigie vinanda vya umeme. Nyimbo ni mbili tu, kila moja imekatwa vipande vitatu, zote pamoja ni dakika arubaini na kitu. Hii nliianza kwenye boti natoka Mokowe, injini iko nyuma ya kisogo changu, nikasema itamezwa. Zile sehemu za fujo hazikumezwa, ngoma na gita zilipita juu ya injini bila shida, na hedifoni zangu zavuja sauti kwa hivo mama mmoja alokaa mbele yangu na kikapu chake akageuka. "Mwanangu, huyo ni mtu yuaumwa?" La mama, ndo kuimba kwao. "Ewe! Nao hawampi maji?" Boti nzima ikacheka.

Lakini zile sehemu za pole ndo injini ilizimeza zote, na ndo nusu ya utamu wa albamu, manake jamaa wanapiga kwa kasi ya kuogopesha halafu ghafla kila kitu chasimama na vinanda vyapanda taratibu kama dakika kadha, halafu gita moja laingia la kulia kama roki ya miaka ya sabini. Nikairudia nyumbani. Sasa watu wamegawanyika hapa, wengine wasema mabadiliko hayo ni ya kulazimisha, kwamba ni albamu mbili zimegundishwa na gundi. Mimi nasema pale The Stargate kipande cha kwanza chapita kwenda cha pili mshono hauonekani, kwenye The Message ndo mshono mmoja mbili yaonekana. Kuna mpiga besi pale ambae gita lake halina vile vyuma vidogo vya kukata shingo, besi yake yateleza na ndo inayoshika yote pamoja. Nane na nusu. Msiiskizie kwenye boti.

Wardruna, Birna, Januari 24, 2025. Norway, Einar Selvik na wenzake, ala za kale, pembe za mbuzi, vinubi, ngoma za ngozi, kwaya. Albamu yote ni habari ya dubu jike, na kuna nyimbo moja Dvaledraumar ya dakika kama kumi na tano ambayo dubu amelala msimu wa baridi na muziki nao wapunguza pumzi. Sisi ambao tuna siwa mbili zimehifadhiwa na tunajua pembe ikipulizwa harusini mwili wasisimka vipi hatuhitaji kushawishiwa kwamba pembe ni ala kamili. Ndo maana nina ugomvi na hii albamu. Pembe zimepakwa mwangwi mwingi sana, kila kitu kimewekwa mbali kama umesimama ng'ambo kisiwani Manda waskiza sherehe ya Lamu. Pembe itaka isikike pumzi ya mpulizaji, na mate yake kama ikibidi! Dvaledraumar naisamehe kwa sababu usingizi huo unafaa uwe mbali. Na sauti ya Selvik mwenyewe akiimba chini chini hamna wa kumfikia. Saba.

Alien Weaponry kutoka New Zealand nao wana Te Rā, Machi 28, 2025. Ndugu wawili wa kina de Jong, mmoja gita na sauti mwengine ngoma, pamoja na mpiga besi, waimba Kimaori na Kiingereza. Nyimbo za Kimaori zakupiga kifuani moja kwa moja, wakianza kuitikia kwa pamoja juu ya gita hilo zito sihitaji tafsiri wala maneno yaliyoandikwa. Wakiingia Kiingereza wanakua bendi nzuri tu ya metali kama bendi nyingine mia. Sijui ni mimi au vipi lakini hata mpiga ngoma aonekana kupiga kwa bidii zaidi nyimbo zikiwa za kwao. Kwenye nyimbo Taniwha wamemualika Randy Blythe, mwimbaji wa bendi ya Lamb of God, na wamefanya vizuri kutomuachia nafasi kubwa. Nusu ya albamu nimeibakisha, nusu nimeifuta.

Ya kwetu Kenya sasa, na hapa ntakua mkali kidogo kwa sababu ni yetu. Lord Spikeheart, alikua nusu ya Duma, kundi la watu wawili, akatoa The Adept Aprili 2024 kwa lebo yake mwenyewe Haekalu. Ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, bibi wa ukoo wake, yule fildi mashali wa Mau Mau ambae rasta zake za tangu msituni zilikatwa 2022 na Mama Ngina Kenyatta, na akafariki 2023. Uzito wa jina kama hilo sio mchezo na yeye aujua. Sauti yake ni ya kutisha kweli kweli, atoka kwenye kunguruma mpaka ukelele mwembamba bila kuvuta pumzi, na muziki chini yake sio magita sana, ni mashine, ngoma za kompyuta, kelele zilizopindwa, mara midundo ya trapu. Spika yangu ilisalimu amri nyimbo ya kwanza, ikawa yatetemeka mezani mpaka nikaishika kwa mkono. Tatizo ni kwamba karibu kila nyimbo ina mtengenezaji mwengine, na kila mgeni amekuja na nyumba yake, kwa hivo unasikia Spikeheart akihama hama, hajakaa pahala akatulia. Pale alipotulia ni hatari. Nataka afanye albamu nzima na mtu mmoja tu, na atie Kiswahili zaidi, manake kikimtoka mdomoni hata mimi nisiekula nyama mbichi nainuka. Saba na nusu, na mkiona ana shoo mahali endeni, kwenye jukwaa nyumba ni moja, yake.

Woodland ya Gillian Welch na David Rawlings, Agosti 2024. Huu ni muziki wa kienyeji wa Marekani, msingi wake magita mawili na sauti mbili, na studio yao huko Nashville yaitwa jina hilo hilo. Machi 2020 kimbunga kilipita kikaichukua paa, na wao usiku ule waliingia gizani kuokoa kanda na magita mvua ikiwa yawanyeshea. Sisi wa makuti tukisikia kaskazi imechacha twajua jinsi ya kulala na jicho moja wazi. Mwaka 2025 ikachukua Grami ya albamu bora ya kienyeji na sikuona mtu akibisha. Nyimbo kumi, hakuna hata moja inayojaribu kukuvutia, wewe ndo utaisogelea. Sauti zao zimekaa karibu sana hata sijui nani yuko juu nani yuko chini, na Rawlings apiga gita dogo vidoti vya pembeni ambavyo havikutarajiwa na bado vyaangukia mahali pake. Hii ndo albamu pekee kwenye orodha yote ambayo kwenye spika yangu mbovu na kwenye hedifoni na kwenye simu yenyewe bila chochote ilisikika karibu sawa. Sikuipa alama, imekaa tu kwenye simu haitoki.

Arka'n Asrafokor wa Togo na Dzikkuh yao ya Aprili 2024, metali nzito na ngoma za Kiewe, nzuri, fupisheni tu yale maneno ya katikati ya nyimbo.

Halafu Ghost, bendi ya Sweden, Skeletá, Aprili 25, 2025. Yule Tobias Forge na barakoa zake, safari hii ajiita Papa V Perpetua. Ilishika namba moja Marekani ilipotoka, hongera zake. Nyumba za huku siwashauri muiweke spika barazani, kuna nyimbo pale jina lake tu likionekana kwenye kioo cha simu utaulizwa maswali na bibi mpaka alfajiri, ijapokua ukiiskiza ni nyimbo ya mapenzi na imechangamka hata mtoto aweza kuicheza. Ukiwavua majoho hawa ni bendi ya miaka ya themanini, vinanda vya kumeremeta, viitikio vya kuimbwa na uwanja mzima. Lachryma ni tamu na naikubali. Zilobaki ni zile nilizozisema mwanzo, zimesuguliwa mpaka hamna alama ya kidole, na kwenye spika yangu zikageuka mvumo mmoja. Kitu walichofanya cha maana ni kwamba kwenye ziara yao ya 2025 simu zilifungiwa kwenye vifuko mlangoni hakuna kurikodi, na hiyo ningependa ije mpaka kwenye harusi zetu. Albamu tano kwa kumi, vifuko kumi.